Kuitwa kwa heshima: hadithi za watoto za Marekani katika somo la ubaguzi wa rangi na haki za kiraia

0. Utangulizi

Mwalimu anayetaka kuwaeleza watoto ubaguzi wa rangi huanza mara nyingi na tarehe na sheria. Akizungumzia Marekani, atataja uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 17 Mei 1954, uliotamka kwamba shule zinazotenga watoto kwa rangi zinapingana na Katiba. Atataja mgomo wa mabasi wa Montgomery ulioanza mwezi wa Desemba 1955. Atataja sheria ya haki za kiraia ya tarehe 2 Julai 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya tarehe 6 Agosti 1965. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini mtoto wa miaka kumi hajapiga kura, hajasimama mbele ya hakimu, wala Katiba hajaiona. Jambo analolijua vizuri ni kuitwa. Anajua nani humwita kwa upole na nani humwita kwa dharau. Anajua nani amwite baba, nani amwite mama, nani amwite mzee, na anajua adhabu inayomngoja akikosea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hadithi bora za Marekani zinazosomwa na watoto juu ya ubaguzi wa rangi hupitia mlango huohuo wa kuitana: humwonyesha msomaji mdogo nani huitwa nini, na kwa njia hiyo humfikisha kwenye maana ya haki. La pili ni onyo kwa mwalimu na mfasiri wa Kiswahili. Maneno ya kuitana hayahami kutoka lugha moja hadi nyingine bila hasara, na pengine tafsiri iliyo sahihi katika kamusi yaweza kugeuza tusi kuwa heshima, hata dhuluma yenyewe isionekane tena.

1. Desturi isiyoandikwa

Baada ya utumwa kufutwa nchini Marekani mwaka wa 1865, majimbo ya kusini yalitunga polepole sheria za kutenga watu weusi na weupe katika shule, magari ya moshi, mahoteli na hata makaburi. Mwaka wa 1896 Mahakama ya Juu ilizikubali sheria hizo kwa hoja kwamba kutengwa si ubaguzi iwapo pande zote mbili zinapewa huduma sawa. Usawa huo haukuonekana, lakini hoja ilidumu zaidi ya nusu karne.

Kando ya sheria zilizoandikwa palikuwa na desturi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuandikwa popote, nazo kila mtoto alipaswa kuzijua kabla ya kutumwa dukani peke yake. Miongoni mwa desturi hizo, ile ya kuitana ilikuwa na nguvu ya pekee. Mtu mweusi alipaswa kumwita mtu mweupe kwa neno la heshima mbele ya jina: "Mister" kwa mwanamume, "Miss" au "Missus" kwa mwanamke. Mtu mweupe naye hakumrudishia heshima hiyo. Alimwita mtu mweusi kwa jina lake la kwanza tu, hata kama ni mchungaji au mwalimu mwenye mvi. Mwanamume mzima aliitwa "boy", yaani mtoto wa kiume. Mzee aliyekubaliwa kuwa mtu mwema aliitwa "Uncle", na mwanamke mzee "Aunt", ili tu neno la heshima la kawaida lisitamkwe.

Mtaalamu wa lugha anaitambua hapa hali inayojulikana katika jamii nyingi, ambapo neno la heshima hupanda na halishuki. Kwa kawaida hali hiyo hufuata umri au cheo, na mtoto wa leo ana tumaini la kuitwa mzee kesho. Kusini mwa Marekani tumaini hilo lilikuwa limefungwa. Mtu mweusi alitoka kuitwa "boy" akaingia kuitwa "Uncle", wala hakupitia popote utu uzima. Asiyehesabiwa kuwa mtu mzima hawezi kuwa shahidi wa kuaminika, wala mpiga kura, wala mwenye mali. Ndiyo sababu suala la kuitana halikuwa jambo dogo la adabu.

2. Jina mbele ya Mahakama ya Juu

Kisa kimoja cha kweli chatosha kuthibitisha jambo hilo. Mwaka wa 1963, Mary Hamilton, mwanamke mweusi aliyefanya kazi katika chama cha kupigania haki za kiraia kilichoitwa CORE, alisimama kama shahidi katika mahakama ya mji wa Gadsden, jimbo la Alabama. Wakili wa serikali alimwita "Mary". Yeye alikataa kujibu mpaka aitwe "Miss Hamilton", kama walivyoitwa mashahidi weupe. Hakimu alimwamuru ajibu, akakataa. Alihukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 50 kwa kosa la kudharau mahakama.

Rufaa ilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Machi 1964 mahakama hiyo ilitengua hukumu ya Alabama. Miezi mitatu baadaye sheria kubwa ya haki za kiraia ilitiwa sahihi. Watu wengi wanaikumbuka sheria hiyo. Wachache wanaikumbuka kesi. Hata hivyo, kwa mwalimu wa watoto kesi ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu mtoto huielewa mara moja. Mwanamke amekataa kuitwa kama mtoto, na taifa zima limelazimika kuamua kama ana haki ya kukataa.

3. Yanayosikika katika hadithi

3.1. Kitabu cha shule na njia ya mjini

Mildred D. Taylor, aliyezaliwa Mississippi mwaka wa 1943, alitoa riwaya yake "Roll of Thunder, Hear My Cry" mwaka wa 1976, nayo ikapata nishani ya Newbery mwaka wa 1977. Msimulizi ni Cassie Logan, msichana wa miaka tisa, na hadithi inatokea Mississippi mwaka wa 1933. Mwanzoni mwa riwaya, watoto weusi wanapewa vitabu vya kusomea, furaha isiyo ya kila siku. Mdogo wake Cassie anafungua jalada na kuona orodha iliyobandikwa ndani: tarehe ambayo kitabu kilitolewa, hali ya kitabu, na rangi ya mwanafunzi aliyekipokea. Kilipokuwa kipya kilipewa watoto weupe. Katika mstari wa 12, hali yake ikiwa mbaya kabisa, ndipo lilipoandikwa neno la dharau linalomtaja mtoto mweusi. Mtoto huyo wa miaka sita anakitupa kitabu chini na kukikanyaga, naye anapigwa na mwalimu wake kwa kukosa adabu. Mama yao, ambaye pia ni mwalimu katika shule hiyo, anachukua karatasi na gundi na kuifunika orodha hiyo katika vitabu vya darasa lake. Hatimaye atafukuzwa kazi, kwa vitabu hivyo na kwa kufundisha habari za utumwa zisizokuwemo ndani yake.

Baadaye Cassie anakwenda mjini pamoja na bibi yake, na bila kukusudia anamgonga msichana mweupe njiani. Anaomba radhi kwa adabu ya kawaida, lakini haitoshi. Baba wa msichana yule anamkamata mkono na kumsukuma hadi aanguke barabarani, na bibi yake mwenyewe, kwa hofu ya mabaya zaidi, anamlazimisha aombe radhi tena na kuweka neno la heshima mbele ya jina la msichana ambaye ni mtoto kama yeye. Kwa Cassie, siku hiyo yote uchungu mkubwa zaidi ni neno lile moja. Usiku mama yake anamweleza chanzo cha mambo, tangu utumwa. Anamfundisha pia kwamba heshima inayotolewa kwa hofu siyo heshima, na kwamba ile wanayopeana wao kwa wao kwa hiari ndiyo yenye thamani.

3.2. Duka la Wallace

Mwandishi huyohuyo alitoa mwaka wa 1987 kitabu kifupi, "The Friendship", kilichopata tuzo ya Coretta Scott King mwaka wa 1988. Kitabu hicho chote kimejengwa juu ya jina moja. Mzee mweusi, Tom Bee, anaingia katika duka la mzungu John Wallace na kumwita "John", bila neno la heshima. Wazungu waliomo dukani wanashangaa na kukasirika. Watoto wa Logan wanasikiliza kwa hofu, na msomaji pamoja nao. Kumbe Tom Bee alimwokoa John katika ujana wake na kumlea kama mwana, na John alimwahidi kwamba siku zote ataweza kumwita kwa jina. Sasa John ni mwenye duka, na wenzake wanamtazama. Anachagua wenzake: anachukua bunduki na kumpiga mzee risasi ya mguu. Mzee anaondoka akijiburuta chini, huku akiendelea kumwita John, John.

Sheria hazitajwi hapo hata kidogo. Lakini mtoto aliyesoma kurasa hizo ameelewa kwamba ubaguzi wa rangi hauhitaji chuki ya siku nyingi. Watosha uoga wa mtu mmoja mbele ya wenzake kuvunja ahadi.

3.3. Mahakama ya Maycomb

Riwaya ya Harper Lee, "To Kill a Mockingbird", ilitolewa mwaka wa 1960 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1961. Haikuandikwa kwa ajili ya watoto, bali imesomwa shuleni kuliko vingi vilivyoandikwa kwa ajili yao. Wakili Atticus Finch anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kosa la kumnajisi msichana mweupe, Mayella. Katika kesi hiyo mambo mawili ya kuitana yanafuatana. Atticus anapomwita Mayella "Miss", msichana huyo maskini anadhani anadhihakiwa, kwa kuwa hajazoea heshima hiyo. Kisha wakili wa serikali anamhoji Tom akimwita "boy", na mtoto Dill analia machozi hata anatolewa nje. Dill hajui sheria. Amesikia sauti tu, naye ameelewa.

Nyumbani kwa Atticus kuna mpishi mweusi, Calpurnia, ambaye watoto wote humwita kwa jina lake tupu. Jem anapofikia umri wa miaka 12, Calpurnia anaanza kumwita "Mister Jem". Riwaya haiulizi kwa nini mama mzima anampa heshima hiyo mtoto aliyemlea naye asirudishiwe. Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuuliza. Riwaya hiyo inasimuliwa kutoka upande wa familia nyeupe, na wema wake una mipaka ya upande huo. Kuisoma pamoja na vitabu vya Taylor, ambamo watoto weusi wanasimulia wenyewe, ni njia nzuri ya kuwafanya wanafunzi waione mipaka hiyo bila kuhubiriwa.

4. Hatari za tafsiri katika Kiswahili

Matini hizo zikisomwa kwa Kiswahili, mfasiri atakutana na vikwazo vinne vinavyostahili kuchunguzwa.

Cha kwanza ni maneno "Uncle" na "Aunt". Kamusi itashauri mjomba au baba mdogo, shangazi au mama mdogo. Katika Kiswahili, pwani na bara, kumwita asiye ndugu kwa jina la undugu ni kumkaribisha na kumheshimu. Basi msomaji wa Lubumbashi akisoma kwamba mzungu alimwita mzee mweusi "mjomba", atadhani mzungu yule ni mtu mwema, na maana yote imepinduka. Isitoshe, maneno yaleyale yalitumiwa na watu weusi wenyewe kati yao kwa heshima ya kweli. Katika "The Friendship" watoto wa Logan wanakwenda dukani kumnunulia dawa bibi mzee wanayemwita "Aunt". Neno ni moja, thamani ni mbili, na mtenganishaji ni kinywa kinachotamka. Hata Wamarekani wenyewe walichelewa kulikubali jambo hilo: majina ya vyakula vya "Aunt Jemima" na "Uncle Ben's" yalidumu sokoni hadi mwaka wa 2020, wenye viwanda walipotangaza kuyaacha. Mfasiri afadhali aliache neno la kigeni na kulieleza katika sentensi, au aseme waziwazi kwamba mzee alinyimwa neno "bwana".

Cha pili ni "boy". Mvulana au kijana ni tafsiri dhaifu, kwani kijana katika Kiswahili yaweza kuwa sifa. Kwa bahati mbaya ya historia, Kiswahili cha Kongo kina neno linalofaa kabisa: boyi. Msomaji wa Katanga hahitaji maelezo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Cha tatu ni kile kichwa cha safu katika orodha ya kitabu cha shule, ambacho Kiswahili hukitafsiri kwa maneno mengi: rangi, mbari, asili, pengine taifa. Mbari kwa asili ni ukoo, na hubeba hisia ya undugu wa damu. Rangi ni kitu cha kuonekana kwa macho, hali katika majimbo mengi ya kusini mtu mwenye ngozi nyeupe alihesabiwa kuwa mweusi akijulikana kuwa na babu mmoja Mwafrika. Neno "rangi" linafaa kwa watoto kwa kuwa ni rahisi, ila mwalimu aongeze kwamba rangi hiyo iliandikwa na karani kabla ya kuonwa na jicho.

Cha nne ni matusi. Riwaya ya Mark Twain, "Adventures of Huckleberry Finn", ina tusi la kumtaja mtu mweusi zaidi ya mara 200, na mwaka wa 2011 nchini Marekani ilitolewa chapa iliyoweka neno "mtumwa" mahali pake. Wengine walishukuru, wengine walilalamika kwamba historia imefutwa. Darasani kuna njia ya katikati: neno libaki katika matini, lisitamkwe kwa sauti, na wanafunzi waambiwe kwa nini halitamkwi. Maelezo hayo ni sehemu ya somo.

5. Kiswahili katika vitabu vya watoto wa Marekani

Uhusiano wa Kiswahili na somo hili hauishii katika tafsiri. Katika miaka ya 1960, Wamarekani weusi wengi waliotafuta majina yasiyotolewa na bwana wa mtumwa waligeukia Kiswahili. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka wa 1966, ina misingi saba yenye majina ya Kiswahili. Msingi wa pili, kujichagulia, unahusu haki ya watu kujieleza na kujipa jina wenyewe. Jambo alilolidai Mary Hamilton mahakamani lilipata neno, na neno hilo lilikuwa la Kiswahili.

Mwaka wa 1971 Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, "Moja Means One", chenye picha za mume wake Tom Feelings. Mwaka wa 1974 kilifuata kitabu cha alfabeti, "Jambo Means Hello". Vyote viwili vilitambuliwa katika mashindano ya nishani ya Caldecott, miaka ya 1972 na 1975. Kwa mtoto wa Kongo, kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili ni jambo la kila siku. Kwa mtoto mweusi wa Marekani wa miaka ile, ambaye mwaka wa 1965 mwandishi Nancy Larrick alikuwa ameonyesha kwamba karibu hayumo katika vitabu vya watoto vya nchi yake, kitabu hicho kilimwambia kwamba babu zake walikuwa na lugha, na kwamba lugha hiyo inafaa kufundishia.

6. Boyi, "tu" na "vous"

Hakuna haja ya kuvuka bahari ili kuyaelewa mambo haya. Katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba aliorodhesha mateso ya wakati wa ukoloni. Pamoja na kazi ngumu na mashamba yaliyonyang'anywa alitaja pia kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" liliwekewa wazungu peke yao. Wapo waliodhani kwamba jambo la sarufi lilikuwa dogo mno kwa siku kama ile. Kesi ya Mary Hamilton, iliyofuata baada ya miaka mitatu katika nchi nyingine na lugha nyingine, inaonyesha kwamba Lumumba hakukosea.

Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville, ina ushahidi wake. Mwaka wa 1965 watu waliokuwa watumishi wa nyumbani waliandika historia ya mji katika Kiswahili chao, kwa mkono wa André Yav. Maandishi hayo, yanayojulikana kama "Vocabulaire" ya Elisabethville, yalichapishwa pamoja na uchambuzi wa Johannes Fabian mwaka wa 1990. Ndani yake, watu walioitwa boyi hata walipokuwa na wajukuu wanageuka kuwa wasimulizi, nao mabwana wanageuka kuwa wanaosimuliwa. Vilevile Wakongo hawakungoja mwaka wa 1965 kuwapa wakoloni majina: Bula Matari, "mvunja mawe", lilikuwa jina la Stanley, kisha likawa jina la dola yenyewe. Aliyenyimwa heshima ya jina lake hakunyang'anywa uwezo wa kumtaja mwenzake.

Lakini somo la kuitana haliwi somo la kweli likielekezwa kwa wazungu tu. Mwaka wa 1992 na 1993, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, watu wengi sana wenye asili ya Kasai, na wengi wao waliozaliwa hapohapo, walifukuzwa makwao na kurundikana katika vituo vya reli. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wamepewa jina: bilulu, yaani wadudu. Mwenye kuitwa mdudu hahitaji kuhurumiwa, na aliyemwita hahisi kwamba amemtenda mtu. Hali hizo mbili hazifanani katika kila jambo. Asili yake na sheria zake ni tofauti. Zinafanana katika hatua ya kwanza, nayo ni kubadili jina la jirani. Mwanafunzi aliyelia pamoja na Dill kwa ajili ya Tom Robinson, kisha akalitumia neno lile kwa jirani yake, hajasoma kitu.

7. Namna ya kufundisha

Mwalimu wa darasa la tano au la sita aweza kuendesha somo hili kwa vikao vinne, hata kama darasa lina nakala moja tu ya kitabu.

Katika kikao cha kwanza wanafunzi hawasomi. Wanaandika orodha ya watu kumi wanaokutana nao kwa siku na namna wanavyoitana nao: baba, mama, yaya, mwalimu, mzee. Watagundua wenyewe kwamba kila mmoja hutoa na hupokea. Wataona pia kwamba uzito wa neno hutegemea mahali: yaya ni ndugu mkubwa huko Katanga, na pwani ni mlezi wa watoto.

Katika kikao cha pili mwalimu anasoma kwa sauti, kwa tafsiri yake mwenyewe, sura moja ya Taylor, kwa mfano habari za kitabu cha shule. Wanafunzi wanaandika nani ameitwa nini, na nani. Mwalimu asieleze maana ya sura kabla ya orodha kukamilika, kwa sababu orodha yenyewe itasema.

Katika kikao cha tatu ndipo tarehe na sheria zinapoingia. Mwalimu anasimulia kesi ya mwaka 1964 na kuwauliza wanafunzi: kama wangekuwa majaji, wangeamuaje, na kwa sababu gani? Neno "haki", ambalo mtoto alilisikia tu katika hotuba za wakubwa, sasa limepata mtu wa kusimama nalo.

Kikao cha nne kinarudi nyumbani. Wanafunzi wanawahoji babu na bibi zao juu ya namna walivyoitwa kazini, mgodini au mashuleni. Maneno ya dharau yanayotumika mtaani leo yasikwepwe, ila mwalimu achunge kwamba hakuna mtoto wa darasa lake anayewekwa mbele kama mfano. Mtoto aliyewahi kuitwa kwa jina la tusi hatakiwi kuwa kifaa cha kufundishia wenzake.

8. Hitimisho

Hadithi hazikuwapa watu weusi wa Marekani haki ya kupiga kura. Walioipata waliandamana, walifungwa, na baadhi yao waliuawa. Kazi ya hadithi katika jambo hili ni ndogo zaidi, nayo haifanywi na sheria: humwezesha mtoto ambaye hajadhulumiwa kusikia dhuluma ndani ya neno alilozoea kulipuuza, na humwezesha mtoto aliyedhulumiwa kujua kwamba uchungu wake una maana na kwamba wengine waliukataa kabla yake.

Kiswahili kina mali nyingi ya maneno ya heshima, na mali hiyo ni msaada mkubwa katika somo hili mradi mwalimu asiitawanye ovyo. Amuulize mfasiri swali moja kwa kila neno la kuitana: aliyeitwa hivi aliweza kurudisha? Kama hakuweza, basi tafsiri isimpe heshima ambayo historia ilimnyima. Na akimaliza kufunga kitabu, awaulize wanafunzi wake swali hilohilo juu ya uwanja wa shule yao.